Filamu ya vipande vya majarida kuhusu Liemba: nianze kukata au nianze kupanga?

Mkasi wa Ujiji

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu filamu fupi ninayotaka kuitengeneza hapa Ujiji kwa vipande vya picha nitakavyovikata kwenye majarida, nikivisogeza kidogo kidogo mezani na kuvipiga picha moja moja, ili picha hizo zikichezeshwa kwa mfululizo vionekane vinatembea vyenyewe. Nakusudia iwe ya dakika tatu, isiyo na mazungumzo, wala sitaki iwe hadithi iliyonyooka. Ni jaribio tu la kuona karatasi yenyewe inaweza kusema nini.

Mada yake ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Habari zake tunazijua sote tunaoishi huku mwisho wa reli, ila kilichonivuta mimi ni kwamba meli hii ilitujia ikiwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa bara kwa reli, kisha hapa Kigoma ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, wakiwa wameshaipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nikajiambia kwamba meli ya namna hiyo haihitaji kuchorwa, bali ikatwe na kuungwa.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alituachia masanduku mawili ya majarida na magazeti. Yapo ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na 1980, na yapo ya Kiingereza yenye matangazo mengi ya rangi. Tatizo ni kwamba nimepekua karibu yote na sikupata picha hata moja ya Liemba inayofaa kukatwa. Je, niandike kwanza mswada kamili halafu nitafute picha za kuujaza, au nikate kila kinachonivutia na kuacha vipande viniongoze? Na je, kwa simu ya kawaida, taa za nyumbani na umeme wetu huu, kazi hii inawezekana? Sina kamera kubwa, na fedha niliyotenga haizidi ya kununulia kioo cha kufunikia vipande visijikunje na taa mbili.

Fundi Picha wa Mwanga

Dada, inawezekana kabisa, lakini swali lako la kwanza umelitegea milango miwili na mimi nakushauri upite wa tatu. Ukiandika mswada kamili kwanza, utateseka miezi mingi ukimtafuta nahodha aliyegeukia kushoto, mwenye kofia, aliye mrefu wa sentimita nane, na hutampata. Ukikata kila kinachokuvutia, baada ya wiki mbili utakuwa na bahasha tano za vipande visivyojuana. Mimi ningeanza kwa kuhesabu nilicho nacho, kisha nikajiwekea sharti. Pitia masanduku yale bila mkasi mkononi, ukiwa na daftari tu, uandike aina ya vitu vinavyojirudia. Nina hakika utakuta redio, pasi, matairi, tochi, sabuni, saa za mkononi na magari. Basi jiwekee sharti kwamba meli nzima itatengenezwa kwa bidhaa za matangazo: ubavu uwe wa mabati na magari, bomba la moshi liwe tochi, madirisha yawe saa. Hapo kukosa picha ya Liemba si tatizo tena, na mtazamaji atayaona mambo mawili kwa wakati mmoja, meli na vitu vilivyoijenga. Filamu ya majaribio nayo huhitaji mpango, ila mpango wake ni wa masharti na hesabu.

Hesabu zenyewe ni hizi. Sinema ya kawaida huenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini katika kazi ya karatasi wengi hupiga picha 12 na kuonesha kila moja mara mbili, na jicho hukubali. Dakika tatu ni sekunde 180, kwa hiyo utahitaji picha 2,160. Ukipiga picha 8 kwa sekunde utahitaji 1,440, na mwendo utakuwa wa kukatika katika. Kwa mada yako huenda ukapendeza mahali fulani, kwa mfano wakati wa kugongelea ribiti, ile misumari minene inayounganisha mabati ya meli. Mtu aliyezoea hupata picha 150 hadi 200 kwa jioni moja ikiwa vipande vinavyosogea ni vichache. Weka akilini jioni kumi na nne, kisha ongeza nyingine nne za kurudia ulichoharibu. Kila picha ya simu ikiwa na megabaiti nne, utajaza karibu gigabaiti tisa. Tafuta memori kadi, na uhamishie picha kwenye kompyuta kila usiku kabla ya kulala.

Mwendo nao ni hesabu. Chukua uwanja wa ukubwa wa karatasi ya A3, wenye upana wa milimita 420. Kwa umbo la filamu la 16 kwa 9, kimo chake kitakuwa milimita 236. Ukitaka meli ivuke uwanja huo kwa sekunde nne, una picha 48, kwa hiyo kila picha meli isogee karibu milimita tisa. Lakini usiisogeze tisa tangu mwanzo, kwa maana meli haiondoki gatini kama pikipiki. Anza na moja, mbili, tatu, ifike kumi na zaidi katikati, kisha ipungue hivyo hivyo inapofika. Bandika rula ya karatasi pembeni, nje ya eneo linaloonekana, ikuongoze. Kosa la wanaoanza ni kusogeza kwa kukadiria, halafu wanashangaa kuona kitu kinatetemeka kama kina homa.

Sasa simu. Ifunge juu ya meza ikitazama chini moja kwa moja. Mimi nilianza na viti viwili na ubao uliotobolewa, na haikuwahi kucheza hata milimita. Usiiguse unapopiga, simu nyingi hupiga picha kwa kitufe cha sauti kilichoko kwenye waya wa spika za masikioni, na huo ni msaada wa bei nafuu kuliko wote. Funga kila kitu kinachojibadilisha chenyewe, yaani fokasi, mwangaza na rangi, kwa sababu simu ikiachwa ijiamulie, kila picha itakuwa na mwanga wake na filamu itawaka na kuzima. Programu ya Stop Motion Studio hufanya hayo kwenye simu, na hukuonesha picha iliyopita kama kivuli juu ya picha unayotaka kupiga.

Kuhusu mwanga, sahau dirisha. Jua la Kigoma linasogea, wingu linapita juu ya ziwa, na picha ya saa nne haitafanana na ya saa tano. Piga usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, kwa taa mbili zinazofanana, moja kila upande, kila moja ikimulika kwa mshazari wa nyuzi kama 45, la sivyo karatasi ya jarida inayong'aa itakurudishia mwanga kwenye lenzi. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe la mpiga picha huonekana kwenye kioo kuliko anavyodhani. Umeme wetu ni wa mawimbi 50 kwa sekunde, na taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka muda wa kupiga uwe sehemu moja ya 50 au ya 25 ya sekunde. Ila mimi ningenunua taa za betri, nizichaji mchana na kuzitumia usiku. Umeme ukikatika katikati ya tukio, utakaporudi si ajabu mtu akawa ameshagonga meza akitafuta mshumaa, na hapo meli yako imeshahama bandari.

Zima feni. Najua joto la hapa, lakini zima.

Mzee wa Isevya

Hamjambo, wanangu. Naandika kutoka Tabora, nikiwa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya magazeti. Binti yangu wa Ujiji, wazo lako limenifurahisha, lakini nilipofika pale uliposema masanduku ya marehemu mjomba wako yana majarida ya Kiswahili ya miaka ya 1970, mkono ulinitetemeka. Tafadhali usiyakate hayo. Watu hudhani kila jarida la zamani lina nakala nyingine mahali fulani, na mara nyingi sivyo ilivyo: yalifungiwa vitumbua, yakawashiwa mikaa, mengine yakaliwa na mchwa. Mimi hapa Tabora, mji ambako gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mwaka 1950, nimezunguka nyumba nyingi nikitafuta matoleo ya miaka ile, na nilichopata hakijai hata rafu moja.

Fanya hivi. Tenga majarida yaliyochapishwa kwetu na uyapige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu hiyo hiyo, ukiwa tayari umeshaifunga juu ya meza. Kisha peleka kurasa unazozitaka kwa mwenye mashine ya fotokopi ya rangi, ukate nakala. Hapo utapata faida ambayo mkasi juu ya jarida lenyewe hauwezi kukupa, nayo ni kuchagua ukubwa. Jarida hukupa kichwa cha mtu chenye ukubwa wa chungwa na gari lenye ukubwa wa kiberiti. Kwa nakala unaweza kuvipunguza na kuviongeza mpaka vikae pamoja, au ukaacha tofauti hiyo kwa makusudi. Majarida ya Kiingereza yenye matangazo, ambayo yalichapwa kwa wingi, hayo kata bila huruma.

Neno la pili linahusu ruhusa. Picha iliyokatwa jaridani bado ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi kwamba mkasi humwondolea haki yake. Ukifanya jaribio nyumbani hakuna atakayekusumbua, lakini ukitaka kulionesha hadharani, nenda au waandikie COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wakushauri, na uulize pia Bodi ya Filamu kuhusu kibali kabla ya siku ya maonesho. Kwa kuwa unachukua vipande vidogo na kuviunga kuwa kitu kingine, epuka kutumia picha nzima ya mpiga picha mmoja, na hasa sura za watu binafsi zinazotambulika. Kichwa cha abiria kinaweza kuwa birika.

Na atakayekuambia kwamba kukata karatasi ni mchezo wa watoto, mjulishe kwamba Mjerumani Lotte Reiniger alimaliza mwaka 1926 filamu ndefu nzima ya vivuli vya karatasi alivyovikata kwa mkasi, baada ya kazi ya miaka mitatu, akivipanga juu ya tabaka za vioo ili vya mbali na vya karibu vitengane. Mwaka huo Liemba yako ilikuwa imeshaibuliwa, ikisubiri kurudi kazini.

Fundi Picha wa Mwanga

Shikamoo, Mwalimu. Suala la fotokopi nakubaliana nalo, ila niongeze tahadhari moja: wino wa fotokopi hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe, kwa hiyo sehemu zitakazokunjwa zibaki za jarida halisi. Na ukisogeza kamera karibu sana, picha ya jarida huvunjika kuwa nukta za rangi nne, kwa maana ndivyo ilivyochapwa. Wengine huona hilo ni kasoro, lakini mimi ningeliwekea sekunde kumi za mwanzo: tuone nukta tupu zisizo na umbo, kisha turudi nyuma taratibu tukute ni ubavu wa meli.

Mambo machache ya mezani niliyoyasahau. Kipande chembamba hujikunja kwa unyevunyevu, hasa wakati wa masika, na kurasa nyepesi huonesha maandishi ya nyuma, kwa hiyo kigandishe kwenye manila kabla ya kukikata, si baada. Ukishakikata, pitisha kalamu nyeusi ya wino mzito kwenye ukingo wake, kwa sababu ule mstari mweupe wa unene wa karatasi ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ni karatasi kabla wewe hujataka ajue. Lakini kwa mawimbi fanya kinyume: chana kurasa za buluu kwa mkono. Ukichana kurasa ya jarida kwa kuivuta kuelekea kwako, kipande kimoja hubaki na ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi, na huo ndio povu la ziwa, tena umelipata bure.

Viungo vinavyozunguka, kama mkono wa kreni, vifunge kwa uzi na selotepu upande wa nyuma. Kwa vipande vinavyosimama peke yake, kidonge kidogo cha nta hushika vizuri na huachia bila kuchana; watu wa Tabora wanayo nyingi. Usikiache usiku kucha tu, kwa kuwa hutoa doa la mafuta.

Sauti ya Kibirizi

Nitasema kidogo, kwa kuwa picha si kazi yangu. Rekodi sauti kabla ya kupiga picha hata moja. Wengi huacha sauti mwisho, wakabandika muziki kama anayefunika sufuria. Ikiwa ngoma yako ina mapigo 90 kwa dakika, kwa picha 12 kwa sekunde kila pigo lina picha 8 kamili, na unaweza kuigongelea meli ribiti juu ya pigo bila kubahatisha. Ikiwa na mapigo 120, ni picha 6. Mapigo 100 usiyaguse. Hesabu haigawanyiki vizuri.

Njoo Kibirizi alfajiri wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi. Kuna mlio wa kasia likigonga ubao, kuna injini inayokataa kuwaka, kuna karai linaloburutwa kwenye kokoto. Sauti ya chuma kinachozama sijawahi kuisikia, lakini nimewahi kuzamisha sufuria tupu kwenye pipa la maji, simu ikiwa juu ya ukingo wa pipa, na waliosikiliza walidhani ni kitu kikubwa mno.

Mkasi wa Ujiji

Nawashukuru sana, na Mwalimu nakuamkia, shikamoo. Majarida ya Kiswahili nimeyarudisha sandukuni na nimeshapiga picha kurasa zaidi ya mia mbili. Kwa kweli nimejikuta nikisoma kuliko kupiga picha.

Nimefuata ushauri wa kuhesabu bila mkasi. Daftari limeniambia jambo ambalo nisingelibuni: katika majarida ya Kiingereza, kitu kinachojirudia kuliko vyote ni saa za mkononi. Nimehesabu 61. Kwa hiyo sharti langu limekuwa hili, kwamba ubavu wa meli utajengwa kwa magari na mabati, lakini ribiti zote zitakuwa nyuso za saa, na hakuna saa mbili zitakazoonesha wakati mmoja. Meli inapozama, saa zibanduke moja moja. Inapoibuliwa, zirudi mahali pengine, si pale zilipokuwa.

Hapo ndipo nina swali. Kuzama na kuibuka, je, nipige mara mbili, au nipige kuzama peke yake na kulichezesha kinyumenyume? Na ile grisi ya mitambo nilitaka kuipaka kweli juu ya karatasi, mafuta ya mawese, tuone yanavyoienea.

Fundi Picha wa Mwanga

Kinyumenyume kungekuokolea jioni tatu, lakini umeshajifungia mlango huo mwenyewe uliposema saa zirudi mahali pengine. Nakushauri upige mara mbili. Unachoweza kugeuza ni mawimbi peke yake: yapige yakifunika, kisha uyacheze kinyume yakifunua, hakuna atakayejua.

Mawese ni wazo zuri sana, ila yawe tukio la mwisho kabisa kupigwa, hata kama katika filamu liko katikati. Karatasi iliyoingia mafuta huona mwanga upande wa pili na hairudi tena ilivyokuwa. Tengeneza mitambo miwili inayofanana kwa fotokopi ya pande mbili, mbele na nyuma ya ukurasa, mmoja wa kufanyia jaribio. Weka kipande cha kioo chini yake, na taa ndogo chini ya kioo. Mafuta yanapoenea utaona maandishi ya ukurasa wa nyuma yakijitokeza taratibu ndani ya chuma. Piga picha moja kila baada ya sekunde tano, usiguse kitu. Na tafadhali piga jaribio la sekunde nne kabla ya yote hayo, hata kwa kipande kimoja tu.

Mkasi wa Ujiji

Jaribio nimelipiga jana usiku, picha 48, kipande kimoja cha ubavu chenye saa sita na bomba la tochi. Mwendo wa kuanza ni mzuri. Katikati kuna mruko mmoja kwenye picha ya 31, kwa sababu mpwa wangu aliegemea meza akiuliza kama meli inauzwa. Mwishoni nilisahau kupunguza mwendo, na meli imeingia gatini kwa kishindo kiasi kwamba mama, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alisema nahodha huyo afukuzwe kazi.

Mruko nitaurudia, kishindo nitakiacha mpaka nisikie sauti ya Kibirizi itakavyokaa juu yake. Jumamosi alfajiri nitakuwa pale na simu na sufuria. Kioo nimeagiza kwa fundi, cha milimita tano, sentimita hamsini kwa arobaini, naye amesema ningoje hadi Jumanne. Hadi hapo nachana mawimbi.